Zana za bustani kwa anayeanza na elfu sitini: nini ununue, nini utengeneze, nini usubiri

Mchagua jembe si mkulima. Nimeisikia methali hiyo tangu utotoni, na aliyeisema zaidi nyumbani kwetu ni bibi, ambaye jembe lake hakuna aliyeruhusiwa kuligusa. Alikuwa nalo moja tu, limeliwa na udongo mpaka limebaki nusu ya bapa, mpini unang'aa kwa jasho kama umepakwa vanishi. Ukimpelekea lingine analipima mkononi, anakurudishia bila neno. Methali ile inamsema mvivu anayetafuta kisingizio. Bibi alishachagua zamani, akamaliza. Wewe unayeanza bustani ya mboga nyuma ya nyumba, na fedha yako ni ya kuhesabu, huna budi kuchagua pia, ila uchague mara moja kisha ushike kazi.

Mimi nilianza vibaya. Nilipohamia Kigamboni, kwenye nyumba yenye nafasi ya nyuma ya mita kumi kwa sita, nilikwenda duka moja lenye kiyoyozi nikanunua seti ya bustani: vijiko viwili, uma mdogo, mkasi na glovu za maua, vyote vya kijani, ndani ya mkoba wake. Fedha niliyolipa ingenunua majembe manne. Kijiko cha kwanza kilipinda siku ileile, na udongo wa kwetu ni kichanga, wala hauna mawe. Uma ulifika Jumapili. Glovu ndizo zilizodumu, nikawa naepulia sufuria.

Haya ninayoandika ni kwa mtu mwenye eneo kama langu, tuseme matuta manne ya mchicha, matembele, bamia, sukuma wiki na nyanya chache, akiwa na bajeti ya shilingi 60,000 za Tanzania. Ukiwa na zaidi ya hapo, zidisha samadi, si zana.

HATUA YA 1: Shika udongo kabla ya kushika pochi

Chimba shimo la kiganja kimoja, toa udongo, umwagie maji kidogo, uufinyange mkononi. Ukimeguka na kumwagika kati ya vidole, una kichanga, kama sehemu kubwa ya pwani. Ukikubali kuwa donge lakini likivunjika ukiligusa, una tifutifu; mshukuru Mungu. Ukiweza kuusokota ukawa kama kamba nyembamba isiyokatika, huo ni mfinyanzi, na ukikauka utakuwa tofali.

Jaribio hili la dakika mbili linaamua nusu ya manunuzi. Kwenye kichanga huhitaji zana nzito hata moja. Jembe jepesi lenye bapa pana linatosha, na fedha yako iende zaidi kwenye kubeba maji na kuweka samadi, maana mchanga haushiki kimoja wala kingine. Kwenye mfinyanzi au penye mawe, jembe la bapa hugota na kurudi usoni. Hapo jembe la uma, lile lenye meno matatu au manne, ni rafiki zaidi, kwa sababu meno hupenya pale bapa linapogoma, na huinua mizizi ya ukoka bila kuikatakata. Ukoka ukikatwa vipande kumi hugeuka kuwa ukoka kumi.

Ukiwa hapo chini, angalia pia kama kiwanja kilifukiwa. Viwanja vingi vya mjini vina vifusi vya ujenzi sentimita chache tu chini ya nyasi: vipande vya tofali, misumari, chupa. Kama ndivyo, azima sururu kwa fundi ujenzi wa mtaani kwa siku moja. Usiinunue. Sururu ni ya siku moja maishani mwa bustani ndogo.

HATUA YA 2: Andika kazi, usiandike zana

Kosa la wengi ni kuandika orodha ya vitu walivyoviona kwa jirani. Andika kazi utakazofanya, kwa mpangilio wake: kusafisha eneo, kutifua, kusawazisha tuta, kupanda, kumwagilia, kupalilia, kuvuna. Kisha jiulize kila kazi inaweza kufanywa na nini ambacho tayari kipo nyumbani. Kuvuna mchicha ni kisu cha jikoni. Kupanda miche ni kijiko cha chakula kilichochakaa, na kwa kichanga hata kidole kinatosha. Kubeba samadi ni kiroba. Ukikikatia mashimo pembeni ukapitisha miti miwili unapata machela, na watu wawili wanabeba mzigo mzuri tu.

Ukimaliza kupekua nyumbani, utaona kazi zilizobaki bila zana ni tatu au nne, na jembe linafanya zaidi ya nusu yake. Si ajabu magazeti ya michezo humwita mchezaji wa kutegemewa "jembe".

HATUA YA 3: Gawa fedha kabla muuzaji hajakugawia

Hivi ndivyo ningezitumia elfu sitini leo, kwa bei za duka la vifaa la mtaani. Weka akilini kwamba bei hupanda na kushuka kwa mtaa na kwa msimu.

Chuma cha jembe, 12,000. Mpini, 4,000. Tupa, 5,000. Keni ya kumwagilia ya lita 10, 10,000. Panga, 8,000. Kamba ya katani au manila, 1,000. Jumla 40,000. Elfu ishirini inayobaki ni ya mbegu na samadi, na hiyo usiiguse hata muuzaji akikuonyesha reki inayong'aa. Bustani yenye zana zote bila samadi ni stoo.

Kama huwezi kufikia 40,000 kwa mkupuo, anza na jembe, mpini na tupa. Vingine vyote vina mbadala. Panga unaweza kuazima siku ya kusafisha, keni unaweza kuitengeneza kwa dumu.

Msimu nao una bei yake. Mvua za masika zinapokaribia, kuanzia Februari, kila mtu anataka jembe, na muuzaji hana sababu ya kukupunguzia. Nenda Juni au Julai, masika imekwisha na vuli bado iko mbali. Muuzaji amekaa na gazeti lake; utamkuta na muda hata wa kukuachia uyapange majembe yake sakafuni.

HATUA YA 4: Jembe

Hapa tulia. Hiki ndicho kitu kitakachokaa mkononi mwako miaka kumi.

Usianze na chapa. Karatasi ya rangi na picha ya mnyama iliyobandikwa kwenye bapa ni rahisi kuigwa kuliko chuma chenyewe. Nimeona majembe mawili yenye picha ileile, moja zito na lenye mlio, lingine laini kama bati. Kwa wazee bado utakuta majembe ya zamani yaliyogongwa herufi za UFI, kiwanda cha zana cha Ubungo, au ZZK ya Mbeya. Ukilikuta linauzwa, hata kama lina kutu, lichukue ulifanyie majaribio haya kama jingine lolote.

La kwanza, mlio. Pitisha kidole kwenye tundu la mpini, liache lining'inie, ligonge kwa funguo. Chuma kizuri hulia mlio mwembamba unaokaa sikioni. Kikitoa sauti ya sufuria iliyopasuka, kina ufa au ni laini. Muuzaji mzoefu akikuona unafanya hivi hubadilika namna ya kuongea nawe.

La pili, unene. Pitisha vidole kutoka kwenye tundu kuelekea makali. Jembe lililofuliwa au kukandamizwa kiwandani ni nene karibu na tundu na hupungua taratibu kuelekea mbele. Likiwa na unene uleule mwanzo hadi mwisho, ni bati lililokatwa tu kwa umbo la jembe. Bati hilo likikutana na mzizi wa mwembe, litapinda.

La tatu, shingo. Angalia pale tundu linapokutana na bapa. Linalofaa ni kipande kimoja cha chuma. Ukiona mstari wa kuchomelea, na hasa ukiona rangi nzito imepakwa hapohapo tu, rudisha. Majembe huvunjikia shingoni.

La nne, uzito, na hapa wanaoanza hukosea kwa kiburi, hasa wanaume. Majembe mengi huuzwa kwa ratili, na kubwa linaonekana la kazi. Jembe la ratili tatu lina karibu kilo 1.4 kabla hujaweka mpini, na utaliinua mara mamia asubuhi moja. Chukua la ratili mbili na nusu. Kwa kichanga, hata mbili. Muuzaji aliwahi kuniambia, "Dada, hilo la watoto." Nikamwambia nalima mchicha, siyo shamba la mahindi. Wiki mbili baadaye alinikuta nanunua mbegu, akaniuliza mgongo unaendeleaje. Mgongo ulikuwa mzima.

HATUA YA 5: Mpini ni nusu ya jembe

Watu huchagua chuma dakika ishirini, kisha wanachukua mpini wowote ulio juu ya rundo. Mpini ndio unaogusa ngozi yako.

Urefu kwanza. Usimamishe kando yako. Ukifika kiunoni ni mfupi, utainama mpaka uchoke. Ukifika kati ya kitovu na kifua ni saizi yako. Mipini mingi ya dukani hukatwa mifupi ili itoke mingi kwenye gogo moja, kwa hiyo tafuta mirefu, ipo chini ya rundo.

Kisha tazama nyuzi za mti. Zinatakiwa kwenda moja kwa moja kutoka ncha hadi ncha. Zikikata mpini kwa mshazari, mpini utapasuka hapo. Vifundo vidogo havina shida, ila kifundo kikubwa karibu na kichwa ni ahadi ya kuvunjika. Ufunge macho, upitishe kiganja mpini mzima: kila kinachokukwaruza leo kitakuwa lengelenge kesho. Mti wenyewe ukauke. Mpini mbichi ni mzito na wa baridi mkononi, na ukikauka utasinyaa na kulegea ndani ya tundu.

Kama una mpera mzee nyumbani au kwa jirani, umepata. Tawi la mpera lililonyooka ni gumu na linateleza vizuri mkononi. Mkole nao wazee wengi huusifu kwa mipini kwa sababu unapinda kabla ya kuvunjika. Kata tawi, liache kivulini wiki kadhaa likiwa na maganda yake ili lisipasuke, kisha ulichonge kwa panga na kulisugua kwa msasa au kipande cha kioo. Umeokoa elfu nne.

Kuufunga: kichwa cha mpini ni kinene kuliko mkia. Pitisha mkia kwenye tundu, uvute mpaka unene ukwame, halafu geuza kichwa chini, ukigongegonge kwenye sakafu ngumu. Uzito wa chuma wenyewe utakaza. Ukibaki na nafasi, zungushia kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli kabla ya kukaza, au piga kabari ya mti mgumu. Kuloweka jembe kwenye ndoo ya maji usiku kucha, kama wengi tufanyavyo, husaidia asubuhi hiyo tu: mti huvimba, halafu ukikauka unasinyaa kuliko awali. Ni dawa ya dharura. Ukishakaza, litazame jembe kwa ubavu. Bapa lielekee kwako kidogo. Likikaa kama pembe ya ukuta na sakafu, litaparaza juu badala ya kuingia.

HATUA YA 6: Tupa, zana ambayo hakuna anayeinunua

Ningeambiwa nichague kati ya jembe la bei kubwa bila tupa na jembe la kawaida lenye tupa, nisingefikiri mara mbili. Jembe jipya la dukani halina makali. Limepakwa rangi hadi kwenye ukingo. Wanaoanza hulipeleka hivyo hivyo bustanini, linadunda, wanahitimisha kwamba kilimo ni kigumu.

Nunua tupa bapa ya inchi 8 au 10, na uitengenezee kishikio; hata kipande cha gunzi la mahindi kinafaa, bora ule mkia wake mkali usikuchome kiganja. Lishike jembe lisitikisike, ulibane kwa mguu kwenye ngazi ya mlango au umpe mtu akushikie. Fuata ule mteremko alioacha mtengenezaji, upande mmoja tu wa bapa. Sukuma tupa mbele kwa nguvu, inua, rudisha. Usiikokote wakati wa kurudi, unaua meno yake. Viboko thelathini hadi arobaini kwa mara ya kwanza, kisha kumi hivi kila kabla ya kazi. Upande wa pili pitisha mara moja tu, kuondoa uchafu wa chuma uliojikunja. Huhitaji makali ya kunyolea. Ukingo ukiweza kukwangua kucha ya kidole gumba, umefika.

Usipake tupa mafuta, itateleza. Ikijaa vumbi la chuma, ipigepige kwenye ubao au isugue kwa brashi ya waya.

HATUA YA 7: Maji, na hesabu yake

Kabla ya kuchagua chombo, jua unabeba kiasi gani. Lita moja ikimwagwa kwenye mita moja ya mraba ni sawa na milimita moja ya mvua. Mboga za majani siku ya jua kali zinahitaji kama milimita nne hadi tano. Tuta la mita moja kwa mita nne lina mita za mraba nne, kwa hiyo linataka lita 16 hadi 20: ndoo moja kubwa. Matuta manne, ndoo nne kila siku ya kiangazi. Lita moja ina kilo moja. Sasa unaelewa kwa nini nakwambia ununue keni ya lita 10 na si ya 15 hata kama tofauti ni elfu mbili. Ile kubwa utaibeba wiki ya kwanza tu.

Kwenye keni tazama vitu viwili. Kichwa cha matundu kitoke na kurudi kwa urahisi, maana kitaziba na lazima ukisafishe. Na matundu yawe madogo yanayoelekea juu kidogo, ili maji yadondoke kama manyunyu. Matundu makubwa huchimba mbegu na kuzilaza pembeni. Jaribu dukani, omba maji. Shingo ya keni ya plastiki ikionyesha mstari mweupe ukiikunja, itapasuka pale.

Ukikosa fedha, chukua dumu la lita 5 la mafuta ya kupikia, ulioshe kwa maji ya moto na sabuni. Pasha msumari wa inchi moja, utoboe kifuniko matundu ishirini hadi thelathini. Toboa tundu moja juu ya mkono wa dumu ili hewa iingie, vinginevyo maji yatatoka kwa kwikwi. Kidole kikiziba tundu hilo, maji husimama. Nina keni ya dukani, na bado kwa mbegu ndogo za mchicha natumia dumu.

Mpira wa maji usinunue mwaka wa kwanza, isipokuwa bomba liko hapohapo na maji yanatoka kwa presha ya uhakika. Mita ishirini za mpira mwembamba wa bei ya chini hujikunja na kupasuka juani.

VINGINE, KWA HARAKA

Panga: lishike kwa mkono, lipunge. Uzito ukae karibu na kiganja. Misumari ya mpini iwe mitatu na iwe bapa na mti. Linatumika kusafisha, kuchonga vigingi na kukatakata majani ya matandazo. Usilimie, makali yataisha kwa siku moja.

Reki: tengeneza. Ubao wa inchi mbili kwa mbili wenye urefu wa sentimita 40, misumari kumi ya inchi nne iliyopigwa kila baada ya sentimita nne, na mti wa mpini katikati. Toboa kwanza tundu jembamba kabla ya kila msumari, la sivyo ubao utapasuka. Haitadumu milele, lakini kusawazisha tuta ni kazi ya dakika tano.

Kamba na vigingi viwili: hivi vinapuuzwa, na ndivyo vinavyonyoosha bustani. Tuta lisizidi upana wa mita moja, kwa sababu mkono wako unafika nusu mita tu bila kukanyaga udongo uliotifua. Chukua pia fimbo ya mita moja, uichonge alama kwenye sentimita 15, 30, 45 na 60. Alama ya 15 ni ya mchicha, ya 45 ya sukuma wiki, ya 60 ya nyanya. Fimbo hiyo ni bure, na itakuzuia kubananisha miche kama abiria wa daladala la jioni.

Beleshi, wengine huliita chepe au koleo, litahitajika siku samadi inapomwagwa mlangoni na gari. Azima.

Toroli, bomba la kunyunyizia la kubeba mgongoni, mkasi wa kupogolea: hapana, kwa bustani ya matuta manne. Na bomba la mtumba ndilo hatari zaidi, kwa sababu huwezi kujua kama lilibeba dawa ya kuua magugu. Mabaki kidogo tu yanatosha kuunguza nyanya zako, na utahangaika kutafuta ugonjwa usiokuwepo. Kwa maji ya sabuni au mwarobaini, kinyunyizio cha lita moja, kipya, kinatosha.

Viatu vya kufunika vidole, ndiyo. Gambuti zikipatikana ni bora. Jembe lenye makali halijui kidole, na msumari wenye kutu kwenye udongo wa samadi unaweza kukuletea pepopunda. Kama hukumbuki ulichanjwa lini, pita kituo cha afya uulize.

FUNDI NA VYUMA CHAKAVU

Kabla ya kununua kipya, pita kwa wauza vyuma chakavu. Wao huuza kwa kilo, na mara nyingi jembe lililochakaa liko ndani ya rundo pamoja na redieta na vitasa. Jembe lililoisha nusu halifai tena kutifua, lakini kwa palizi hakuna linalolishinda. Ni jepesi, bapa ni fupi, linapita kati ya mistari ya bamia bila kugusa shina. Lisugue kutu kwa kipande cha tofali na maji, lipige tupa. Mimi langu la palizi nilinunua bei ya chupa mbili za soda.

Ukiwa na fundi chuma wa karibu, unaweza kumwagiza. Dar es Salaam, mafundi wa Gerezani hufua karibu kila kitu. Kwa wasomaji wa Nairobi, mafundi wa jua kali wa Kamukunji wanapiga nyundo kutwa. Uliza chuma kimetoka wapi. Springi ya gari ndiyo inayofaa, kwa sababu ni chuma kigumu kilichotengenezwa kuvumilia kupinda na kurudi; bati la pipa halifai kwa kuchimbia. Nenda na kipimo au na jembe la kuigwa, usieleze kwa mikono hewani. Na usilipe zote kabla hujalisikia likilia.

BAADA YA KAZI

Udongo ukikaukia kwenye chuma hufyonza unyevu na kuleta kutu, pwani zaidi kwa sababu ya chumvi hewani. Jaza ndoo kuukuu kwa mchanga mkavu, changanya na mafuta kidogo ya kupikia yaliyokwisha kukaangia. Ukimaliza kulima, kwangua udongo kwa kijiti, chomeka jembe kwenye mchanga mara tano sita, litundike ukutani bapa likiwa juu, mbali na watoto. Mpini uupake mafuta ya alizeti mara moja kwa msimu, kidogo sana, kisha uufute kabisa. Ukiacha mengi yatanata.

Tia alama. Pakaza mkanda wa rangi kwenye mpini, rangi isiyopatikana kwa urahisi. Yangu ni zambarau. Mtaani jembe huazimwa, huo ni ujirani, na mimi sikatai. Ila jirani aliyeazima Jumamosi huwa ameshamwazima mwenzake ifikapo Jumatatu, na kwenye nyumba ya tatu majembe yote yanafanana. Zambarau imenirudishia langu mara mbili.

Baada ya miezi mitatu, kaa na lile karatasi lako la kazi. Palipokuchelewesha kila wiki ndipo pa kununua zana ya pili. Kwangu ilikuwa maji, nikaongeza keni nyingine ya lita 10, kwa sababu kubeba mbili zenye uzito sawa ni kwepesi kuliko kubeba moja ukiwa umeegemea upande. Kwa mwenye mfinyanzi huenda ikawa jembe la uma. Jembe langu la kwanza la kweli, lile la ratili mbili na nusu, limeshapungua upana wa vidole viwili. Likifika nusu ya bapa nitalihamishia kwenye palizi, na siku hiyo nitakwenda tena kwa yule muuzaji na funguo zangu.